Leseni za programu: Mwenye duka anapohamia kompyuta mpya

BUGURUNI: Mfanyabiashara anayebadilisha kompyuta anashauriwa asiiuze ile ya zamani, wala asimkabidhi fundi aifute, kabla ya kuhakikisha kwamba leseni za programu zake zimetolewa humo. Kosa hilo huonekana dogo, lakini humwacha mwenye duka na mashine mpya mezani, mafaili yote yakiwa yamo, huku programu ya hesabu ikigoma kufanya kazi na tarehe ya kupeleka ritani ya VAT ikikaribia.

Suala hili limepata uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, pamoja na Office za mwaka 2016 na 2019. Windows 11 nayo haizikubali mashine nyingi za zamani. Hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida huanzia kizazi cha nane.

Matokeo yake, kompyuta ya mtumba iliyokuwa ikitosha kwa kazi ya duka, iwe Buguruni Malapa, Tabata, Temeke au Kinondoni, inalazimika kupisha nyingine. Kununua mashine ndiyo sehemu nyepesi. Kuhamisha leseni ndiko kunakohitaji mpangilio.

VITU VITATU, SAFARI TATU

Ndani ya kompyuta ya duka kuna vitu vitatu ambavyo watu wengi huvihesabu kuwa kimoja. Kwanza ni programu yenyewe. Pili ni mafaili, yaani leja, ankara, orodha ya wadaiwa na hesabu ya stoo. Tatu ni leseni, yaani haki ya kuitumia programu hiyo.

Programu na mafaili vinaweza kubebwa kwa flashi. Leseni haibebwi hivyo, kwa sababu kumbukumbu yake imo pia katika kompyuta za kampuni iliyoitengeneza programu.

Programu inapoamilishwa, yaani inapothibitishwa kwa mwenye nayo ili ianze kazi, husoma alama za mashine ilimowekwa: bodi kuu, diski, kadi ya mtandao na kadhalika. Alama hizo hugeuzwa kuwa namba moja, na namba hiyo hupelekwa kwa intaneti pamoja na namba ya leseni. Kampuni huandika kwamba leseni fulani iko kwenye mashine fulani.

Leseni hiyo hiyo ikitokea tena kwenye mashine yenye alama tofauti, kampuni haina njia ya kujua kwamba mwenye duka amehama. Huona mashine ya pili inataka kutumia leseni ya mashine moja, na hukataa. Si virusi wala si ubovu wa kompyuta mpya, ndivyo utaratibu ulivyopangwa. Microsoft iliuingiza kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2001, katika Windows XP na Office XP. Kabla ya hapo namba iliyoandikwa kwenye boksi ilitosha.

MUHURI WA MIZANI NA LAINI YA SIMU

Leseni hazifanani, na aina ya leseni ndiyo inayoamua kama inaweza kuhamishwa au la.

Aina ya kwanza ni ile inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, ijulikanayo kama OEM. Hii ni kama muhuri wa Wakala wa Vipimo kwenye mizani. Muhuri ni wa mizani ile ile, na anayenunua mizani mpya hawezi kuubandua wa zamani akaupachika. Windows ya aina hii hufa na bodi kuu ya mashine yake. Mwenye nayo asihangaike kuihamisha, kwani kompyuta mpya ya kiwandani kwa kawaida huja na yake.

Aina ya pili ni leseni iliyonunuliwa peke yake dukani, ijulikanayo kama Retail. Hii ni kama laini ya simu. Hutoka katika simu moja ikaingia nyingine, ila haikai katika simu mbili kwa wakati mmoja. Leseni hii inahamishika, kwa sharti kwamba iondolewe kwanza ilikokuwa.

Aina ya tatu ni leseni ya jumla, Volume, ambayo Microsoft huyauzia makampuni na taasisi zenye mashine nyingi. Nyingi ya mashine hizo hutakiwa kuripoti kwa kompyuta kuu ya taasisi, na kibali hudumu siku 180 tu kikisubiri kuhuishwa. Kompyuta ikitolewa kwenye taasisi hiyo na kuuzwa mtaani, haina tena pa kuripoti. Hiyo ni sababu mojawapo ya mashine ya mtumba kununuliwa ikionekana imekubaliwa, kisha ikaanza kudai leseni baada ya miezi sita.

Mbali na hizo kuna leseni za kulipia kwa mwezi au mwaka, kama Microsoft 365. Hizi hufuata akaunti ya mtu na hazifungwi na mashine. Akaunti moja ya Microsoft 365 Personal inaruhusiwa kuwa wazi kwenye vifaa vitano kwa wakati mmoja. Anayehama hutoka katika akaunti kwenye mashine ya zamani na kuingia kwenye mpya.

NAMNA YA KUITAMBUA

Mwenye duka hana haja ya kubahatisha. Kwenye mashine yenye Windows hufungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, huandika slmgr /dli na kubonyeza Enter. Kijisanduku kitakachojitokeza hutaja aina ya leseni kwa jina: OEM, RETAIL au VOLUME.

Ikiwa ni RETAIL na mwenye nayo anataka kuihamisha, amri slmgr /upk huiondoa namba ya leseni kwenye mashine ya zamani. Baada ya hapo namba hiyo huandikwa kwenye mashine mpya kupitia Settings, kisha System, kisha Activation. Ieleweke kwamba amri hiyo huiondoa namba kwenye mashine tu na haipeleki taarifa Microsoft. Kama mashine mpya bado inakataliwa, sehemu hiyo hiyo ya Activation ina kitufe cha Troubleshoot. Humo mtu aliyeunganisha leseni yake na akaunti ya Microsoft huchagua maelezo kwamba amebadilisha vifaa hivi karibuni. Njia hiyo ipo tangu mwaka 2016, lakini humsaidia tu aliyeunganisha akaunti mapema, wakati mashine ya zamani ingali inafanya kazi.

Ikiwa mashine mpya ni ya kiwandani na bado inadai leseni, mara nyingi ni fundi aliyeweka toleo lisilo lake. Mashine nyingi zilizotengenezwa tangu Windows 8 ya mwaka 2012 na kuuzwa zikiwa na Windows zimehifadhi namba yake ndani ya bodi. Mashine iliyouzwa na toleo la Home ikiwekewa la Pro haitaiona namba hiyo kuwa halali. Dawa ni kurudisha toleo la awali, na mashine hujikubali yenyewe ikipata intaneti.

PROGRAMU YA HESABU NDIYO YENYE HASARA

Windows ikikosa leseni, kwa kawaida duka huendelea kufanya kazi huku maandishi ya kukumbusha yakikaa pembeni mwa skrini. Programu ya hesabu ikikosa leseni, kazi husimama.

Mfano mzuri ni TallyPrime, programu ya kampuni ya Tally Solutions ya India iliyotoka Novemba 2020 kuchukua nafasi ya Tally.ERP 9. Hutumiwa na maduka ya jumla, wauza vipuri na mawakala wengi jijini. Ikiwekwa kwenye mashine mpya bila leseni, haifungi mlango kabisa bali hufunguka katika hali ya mafunzo. Katika hali hiyo miamala huweza kuandikwa kwa tarehe 1, 2 na 31 tu za mwezi.

Hapo pana mtego. Karani mwenye haraka huweza kuandika mauzo ya wiki nzima kwa tarehe 1 ili kazi isonge, akidhani atarekebisha baadaye. Mauzo hayo yataingia kwenye taarifa za VAT kwa tarehe zisizo zake, na hayatalingana na risiti za EFD za siku husika. Mwenye duka apige marufuku kuandika chochote katika hali ya mafunzo. Ankara ziandikwe kwenye daftari la karatasi hadi leseni itakapokubali.

Hata hivyo, hali hiyo ina faida moja: inatosha kukagua. Mafaili yakinakiliwa kwenye mashine mpya, mhasibu anaweza kufungua urari na kuulinganisha na ule wa mashine ya zamani, shilingi kwa shilingi, kabla leseni haijaguswa. Urari ukitofautiana, nakala haikukamilika na inyakuliwe upya.

Baada ya ukaguzi huo ndipo leseni ihamishwe. Kwenye mashine ya zamani, ikiwa na intaneti, mtumiaji hubonyeza F1, huchagua Settings, kisha License, kisha Surrender, maana yake kuirudisha leseni kwa kampuni. Ataulizwa barua pepe ya msimamizi wa leseni na neno la siri. Kwenye mashine mpya, kwa kuwa leseni ilikwishatumika, njia ni Reactivate License. Namba ya kufungulia hutumwa kwa barua pepe ile ile ya msimamizi.

Duka lenye leseni ya watumiaji wengi lizingatie jambo la ziada. Mathalani, duka la jumla karibu na Buguruni Sheli lina kompyuta mbili, moja ya mhasibu na nyingine ya kaunta. Leseni hukaa kwenye moja tu, na nyingine huifuata kwa mtandao wa ndani. Ikibadilishwa ya kaunta, huenda hakuna cha kurudisha, bali kuielekeza mpya ilipo leseni. Ikibadilishwa ya mhasibu, kompyuta zote mbili zitaguswa, na kazi hiyo ifanywe duka likiwa limefungwa.

BARUA PEPE YA NANI?

Wengi hukwama kwenye barua pepe. Programu ilipowekwa miaka iliyopita, fundi au karani aliandika barua pepe yake mwenyewe ili kazi iishe haraka. Karani ameacha kazi, fundi amehama mtaa, na namba ya kufungulia inakwenda kwenye sanduku ambalo mwenye duka hana ufunguo wake.

Kabla ya siku ya kuhama, mwenye duka afungue maelezo ya leseni na kuangalia barua pepe iliyosajiliwa. Kama si yake, aombe ibadilishwe wakati mashine ya zamani ingali hai na risiti ya manunuzi ipo. Barua pepe iwe ya biashara, na neno lake la siri liwe mikononi mwa mwenye mali.

MASHINE YA ZAMANI IMEKUFA AU IMEUZWA

Kompyuta ikiungua kwa hitilafu ya umeme, ikiibiwa au ikiwa imekwishauzwa, kurudisha leseni kwa njia ya kawaida hakuwezekani. Hapo haki haijapotea, lakini itabidi idaiwe kwa kampuni au kwa wakala aliyeuza.

Mwenye leseni aandae namba ya usajili wa programu, barua pepe ya msimamizi, jina la biashara kama lilivyoandikwa wakati wa kununua, na risiti. Aeleze kwa kifupi kilichotokea na aombe leseni iachiliwe kutoka kwenye mashine ya zamani. Mwenye vielelezo husikilizwa. Asiye na risiti wala namba atashauriwa kununua upya.

Kwa aliyenunua leseni ya Windows kwa bei ya kutupa, akapewa namba kwenye kipande cha karatasi au kwa ujumbe wa simu, madai hayo ni magumu. Mara nyingi namba hizo ni za leseni za jumla za taasisi nyingine, na muuzaji hakuwa na haki ya kuziuza.

NAMBA ZA MAKOSA NA MAANA ZAKE

Skrini ya Windows inapokataa leseni hutoa namba ya kosa. Nne kati yake zinafaa kujulikana.

0xC004C008: leseni inatumika kwenye mashine nyingine, au imezidi idadi iliyoruhusiwa. Iondolewe kwenye mashine ya zamani, kisha itumike njia ya Troubleshoot.

0xC004F074: mashine inatafuta kompyuta kuu ya taasisi na haiioni. Hii ni dalili ya leseni ya jumla. Aliyeuziwa mashine ya namna hiyo kwa ahadi ya leseni kamili arudi kwa muuzaji na risiti.

0xC004F034: namba iliyoandikwa si halali, au si ya toleo lililowekwa. Iangaliwe kama ni Home au Pro.

0x80072F8F: tarehe au saa ya kompyuta si sahihi. Hutokea sana kwenye mashine za mtumba ambazo betri ndogo ya bodi, aina ya CR2032, imekwisha. Kubadilisha betri hiyo na kuweka tarehe huweza kumaliza tatizo lote. Mwenye duka aanze hapo kabla ya kukubali gharama nyingine.

TAHADHARI NA PROGRAMU ZA KUVUNJA LESENI

Fundi anayeahidi kumaliza kila kitu kwa dakika tano, kwa sharti kwamba kinga ya virusi izimwe kwanza, anatumia programu ya kudanganya leseni. Kinga ya Microsoft huzitambua nyingi kati ya hizo kwa jina la AutoKMS. Ni mlango unaoachwa wazi kwenye mashine yenye hesabu za wateja, maneno ya siri ya benki na akaunti ya TRA.

Aidha, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Mwenye duka ndiye mwenye mashine, na kusema kwamba kazi ilifanywa na fundi hakutamwondolea mzigo.

MASHINE ZA EFD

Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Ile inayojitegemea, inayotoa risiti yenyewe, haiguswi na mabadiliko ya kompyuta. Lakini wenye vifaa vinavyofungwa kwenye kompyuta, yaani kile cha kutia saini ankara na kile cha kuchapisha risiti, wamwite wakala aliyeidhinishwa aliyewauzia siku hiyo hiyo ya kuhama. Duka lisifunguliwe kwa mauzo kabla risiti moja halali haijatoka kupitia mashine mpya.

TAREHE NZURI YA KUHAMA

PAYE na tozo ya SDL hulipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT hupelekwa kufikia tarehe 20. Anayehama kati ya tarehe 1 na 20 anajiweka kwenye mbio zisizo za lazima. Nafasi bora ni baada ya tarehe 20, ritani ikiwa imepokelewa, na kabla ya kufunga mwezi. Leseni ikigoma siku mbili tatu, hakuna faini inayosogea.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano. Hesabu za nyuma zisizofunguka kwa kukosa leseni ni kumbukumbu zisizosomeka pale mkaguzi anapoziomba.

KWA ANAYENUNUA BIASHARA

Mwekezaji mdogo anayenunua duka pamoja na vifaa vyake asihesabu kompyuta kwa macho tu. Aulize leseni zilizomo ni za aina gani na zimesajiliwa kwa jina la nani. Mikataba ya leseni nyingi haimruhusu mtu kumhamishia mwingine bila taarifa au idhini ya kampuni. Makabidhiano ya leseni yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano, pamoja na namba zake na barua pepe ya msimamizi, na hili lifanyike kabla fedha ya mwisho haijatolewa.

MPANGILIO WA KAZI

Kwa anayejiandaa kuhama, kazi ifuate mpangilio huu. Kwanza, orodhesha programu zote za kulipia, aina ya leseni zake, namba na barua pepe iliyosajiliwa. Pili, nakili mafaili kwenye diski ya nje, kisha kwenye mashine mpya. Tatu, linganisha urari wa mashine zote mbili. Nne, rudisha leseni kutoka kwenye mashine ya zamani. Tano, amilisha kwenye mpya na chapisha ankara moja ya majaribio.

Sita, iweke mashine ya zamani kabatini hadi ritani moja ya VAT ipelekwe kutoka kwenye mpya. Baada ya hapo mafaili ya wateja yafutwe kabisa humo, kama inavyofaa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ndipo iuzwe.